Meno ya Plagi Siku ya Harusi ya Kulwa

Chekeni tu, mimi mwenyewe bado nashindwa kujizuia.

Pijo ya zamani ya Baba Kulwa ililetwa gereji kwangu hapa Runzewe, tundu moja la plagi limeliwa meno kabisa. Nikalipanua, nikakata meno mapya, nikakaza humo bushi, kijipete cha chuma cha kuishika plagi. Kazi ilitoka safi, ila roho haikutulia, maana gari hilo ndilo lingempeleka bibi harusi, Kulwa, kanisani Ushirombo kufunga ndoa. Nikang'ang'ania kuendesha mwenyewe.

Hata mji hatujaumaliza, nikasikia: tik, tik, tik. Bushi inalegea! Nikasimama, nikafungua boneti huku injini ikiunguruma. Mlio hakuna. Nikarudi kwenye usukani, tukaondoka: tik, tik, tik. Nikaona mlio huu unanivizia. Nikasimama tena, jasho linanitoka kama nachimba dhahabu shimoni Rwamgasa.

“Ng'wanawane, mwanangu, padri anatungoja,” akasema Mama Kulwa kutoka kiti cha nyuma.

“Mama, plagi inataka kuruka. Nisipoishughulikia sasa, tutalala njiani.”

Nikazima, nikaikamata kwa spana injini ikiwa ya moto vilevile. Ikagoma. Nikaning'inia. Ikatoka pamoja na bushi na meno yangu yote mapya. Nikaiinua juu ili msafara mzima wa harusi uliosimama nyuma yetu uone nilivyokuwa sahihi.

Kulwa akafunua shela, akajinyoosha hadi mbele, akaitikisa kwa kidole rozari ambayo mama yake aliitundika asubuhi ile kwenye kioo cha dereva cha kutazamia nyuma. Msalaba ukagonga kioo cha mbele: tik, tik, tik.

“Fundi,” akauliza, “mlio wenyewe ni huu?”