Kinyoka Kwenye Mzigo wa Majani

Kila wakifyeka majani nje ya ofisi yetu mjini, ile harufu mbichi ikiingia dirishani, shingo yangu hukakamaa yenyewe.

Nilikuwa mtoto, nimetwishwa mzigo wa majani ya ng'ombe, tunapandisha na bibi, naye ana wake kichwani, kijia chembamba kati ya ua wa mimea ya masale na mfereji. Kitu cha baridi kikateleza kutoka kwenye majani, kikapita juu ya nyusi, kikaning'inia mbele ya jicho langu. Kinyoka cha kijani, chembamba kama kamba ya kiatu.

"Bibi, nyoka!"

"Nimemwona. Huyo hana sumu, ni wa majani tu. Usitupe mzigo, utaingia mferejini."

"Nitue, bibi."

"Na wangu atanitua nani? Twende."

Nikapanda, mikono juu, sipepesi macho, kinyoka kikinigusagusa shavu mpaka nyumbani. Mama akanitua mlangoni pa banda. Kinyoka kikajipenyeza kwenye masale, kikaenda zake.

Mimi nilibaki nimesimama, mikono bado iko juu. Mama akanishika mabega, akanigeuza taratibu kuelekea njiani.

"Haya mwanangu, kafuate mzigo mwingine. Ng'ombe ni wawili."