Kitabu cha Geti

Kiwandani kwetu hakuna aliyemwita Wegesa kwa jina lake. Wote tulimwita Afande. Hakuwahi kuwa polisi, hakupita jeshini hata siku moja, na bunduki aliiona kwa mbali kama mimi na wewe. Lakini alikuwa Mkurya na alisimama getini, basi ikatutosha. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo kwa miaka sita, kila jioni, nikimfungulia mkoba wangu aukague. Nalisema hilo mapema, kabla sijaanza kuwakasirikia wengine.

Naitwa Esta, Mjita wa Mugango. Kazi yangu ni kukata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja hapa Musoma, na nimeikata mpaka vidole vyangu vimezoea baridi kuliko joto. Wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wa wafanyakazi kwa sababu, walisema, nina mdomo. Ni kweli ninao. Siku ulipohitajika kusema, ulicheka.

Wegesa Keraryo kwao ni Butiama, upande wa kuelekea Kiagata. Baba yake aliuza maksai wake wa kulimia ili binti yake huyu asome, na mwaka ule familia nzima ikalima kwa jembe la mkono. Binti akasomea ubora wa samaki. Miaka miwili chuoni alifundishwa kumtambua samaki anayeharibika kabla hata hajaanza kunuka. Akaja kwetu na bahasha ya kaki yenye vyeti vyake, akiomba kazi ya maabara.

Hezron, afisa utumishi wetu, hakumuuliza amesomea nini. Alimuuliza kwao ni wapi. Swali hilo huku Mara ni salamu tu. Nenda Mwigobero ukanunue dagaa, utaulizwa kwenu wapi kabla hujauliza bei, na ukijibu utaongezewa kidogo au utataniwa kidogo, mambo yanaishia hapo. Kwenye meza ya ajira hayaishii hapo. Wegesa alipojibu, Hezron alitabasamu kama mtu aliyeokota alichokuwa anakitafuta. Maabara imejaa, alimwambia, ila getini tunahitaji mwanamke wa kuwapekua wanawake wenzake, maana mabondo yanaibwa. Bondo ni kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa sangara. Kina bei kuliko nyama yenyewe, na kina mama walikuwa wakitoka nacho ndani ya nguo. Shika geti kwa muda, alimwambia, ninyi ndio wenyewe kwa ulinzi.

Muda huo ukawa miaka sita. Ndani ya miaka hiyo maabara iliyojaa iliajiri watu watatu. Nawajua wote, na mmoja wao hakuwa na cheti chochote cha samaki.

Getini kuna kitabu kikubwa cha kuandikia magari: tarehe, saa, namba ya gari, jina la dereva. Walinzi wengine humaliza kuandika kabla injini haijazimwa. Wegesa alichelewa. Alilizunguka gari, akachungulia kreti, akarudi kuandika kwa herufi ndogo ndogo mpaka mwisho wa mstari. Tukiwa kwenye foleni ya kutoka tulimtania, Afande unamwandikia mchumba barua? Aliendelea kuandika, na sisi tukasema ndivyo walivyo, hawana utani.

Mwaka jana mwezi wa pili, kwenye lile joto, gari moja lilifika na sangara kutoka visiwani. Wegesa alifungua kreti ya juu, akabonyeza samaki kwa kidole, akainua shavu lake, kisha akaufunga mnyororo wa geti. Dereva akapiga honi mpaka tukatoka wote na visu vyetu mkononi. Hezron akaja akimwamuru afungue, kwamba kazi yake ni geti, si samaki. Wegesa alimwambia kwa adabu kwamba barafu imeisha tangu njiani na mashavu yamekuwa ya kahawia. Ikabidi aitwe Gody, mkuu wa maabara. Gody alipima, akarudi uso umemshuka. Mzigo wote ulikuwa haufai. Wiki ile ile wakaguzi walikuja bila taarifa. Laiti ule mzigo ungekuwa ndani, tungefungiwa na sote tungekuwa nyumbani tukihesabu kuku.

Mwezi uliofuata mtu mmoja wa maabara akaacha kazi. Kiwanda kizima, hata wabeba barafu, walisema nafasi hiyo ni ya Wegesa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Akaandika barua, akaambatanisha ile bahasha yake ya kaki, akaitwa kwenye usaili. Nami nikaingia kama mwakilishi wa wafanyakazi, kuhakikisha haki inatendeka. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua yangu, kuhakikisha haki.

Mezani walikuwa meneja, Hezron na Gody. Ukutani picha ya Mwalimu inatutazama, Mwalimu wa Butiama hiyo hiyo. Wegesa alivaa gauni la bluu na viatu vya wazi. Nilishtuka kidogo, maana sikuwahi kuwaza kwamba ana miguu nje ya buti. Akaketi. Hezron akaegemea kiti chake na kusema:

"Sasa Afande, maabara kuna chupa na visu. Siku Gody akikuudhi, si tutamwokota vipande vipande?"

Meneja alicheka. Gody alicheka, na yeye ndiye aliyejua vizuri kuliko wote nani aliyemwokoa mwezi wa pili. Na mimi nilicheka. Sitajitetea kwamba kicheko kilinitoka kwa bahati mbaya. Kilinitoka kwa sababu ni utani, na utani tumelelewa nao, na aliyekasirika kwa utani ndiye mwenye kosa. Ona ulivyo mtego mzuri. Mtu anatukanwa kabila lake mbele ya meza ya ajira, kisha anatazamwa kama atakunja uso, na akikunja, imethibitika.

Wegesa hakukunja uso. Alisubiri tumalize.

"Naomba mfungue bahasha," alisema.

Hezron akamjibu kwamba wanamfahamu vizuri, bahasha ya nini tena. Ilikaa mezani muda wote na gundi yake.

Ijumaa tukakusanywa uani. Meneja akasifu ujasiri wa mwenzetu aliyezuia gari bovu, akasema kiwanda hakisahau fadhila, na kwa hiyo kuanzia leo Wegesa ni kiongozi wa walinzi. Akakabidhiwa buti mpya na filimbi. Watu walipiga makofi. Wengine walipiga kwa moyo mweupe kabisa, wakiamini ametuzwa. Nafasi ya maabara akapewa Diana, mtoto wa shangazi yake Hezron kutoka Guta, mwenye cheti cha mapokezi ya hoteli.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nilimfuata Wegesa kwenye kibanda chake nikamwambia agombe, apige kelele hadi wilayani, mimi nitasimama naye. Alikuwa anazifunga kamba za buti mpya.

"Dada Esta," alisema, "wewe ukigombaga wanasema una msimamo. Mimi nikigomba watasema, si mliona? Nitakuwa nimewamalizia kazi yao."

Miaka yote ninapiga meza ya meneja, nimewahi kumrushia aproni, na wananiita mama mwenye msimamo. Hasira yangu ni ya Esta. Ya kwake ingekuwa ya Wakurya wote.

Baada ya siku chache tangazo likabandikwa getini: mlinzi asiguse mzigo, ukaguzi ni kazi ya maabara peke yake.

Wiki tatu baadaye, Gody akiwa likizo, nilimweka sangara mezani, na kisu kilipopita nyama ikaachana na mfupa bila kushikilia. Nikambonyeza, shimo la kidole likabaki. Kreti ilikuwa na muhuri wa maabara na saini ya Diana. Nikakiacha kisu na kwenda getini na hasira zangu zote, nikamuuliza Wegesa imekuwaje aruhusu gari lililomleta samaki yule lipite.

Alinigeuzia kitabu.

Mstari wa gari lile ulikuwa na tarehe, saa, namba na dereva. Baada ya hapo, kwa herufi zile ndogo: barafu hakuna, macho yamezama, mashavu kahawia, nyama hairudi ikibonyezwa. Nimetoa taarifa maabara. Nimeambiwa nifungue geti.

Nikarudi nyuma ukurasa mmoja. Kila gari. Nikarudi mwezi, nikarudi mwaka. Akatoa chini ya meza vitabu vilivyokwisha kujaa, na vyote ni hivyo hivyo, mpaka kile cha wiki yake ya kwanza. Miaka sita ya samaki wote walioingia kiwandani, barafu yao na macho yao. Kazi ya maabara ameifanya siku zote, akiwa juani, kwa mshahara wa geti, mbele ya macho yetu, na hakuna aliyewahi kusoma kwa sababu ni kitabu cha mlinzi. Na sisi tulikuwa tunamuuliza habari za mchumba.

Nilikwenda nao hadi ofisini, Wegesa na vitabu vyake vyote. Nikamtupia Hezron mezani kile cha juu. Alifungua, akasoma, akageuza kurasa, akasoma tena. Kwa dakika moja nilidhani ameona. Kisha akatikisa kichwa kwa kusifu, kusifu kabisa, bila hila yoyote usoni.

"Nilisema mimi," alisema. "Kwa ulinzi, Wakurya hawana mpinzani."

Akanitazama akingoja nicheke. Wegesa alikuwa mlangoni, ameshika filimbi yake mkononi, na yeye hakunitazama kabisa.

Sikucheka. Nilivuta kiti nikampa Wegesa, nikavuta cha kwangu, nikachukua kitabu cha chini kabisa, kile cha wiki ya kwanza. Nikamwambia Hezron amwite meneja, na hata asipomwita ni sawa, kwa sababu kule kwenye meza zetu za minofu hakuna mkono utakaogusa samaki mpaka nimalize kusoma. Kisha nikaanza kumsomea kwa sauti, gari la kwanza.