Kitanda cha Arusi Yangu Kinachongwa Gerezani

Wasomaji wa ukurasa huu, mhariri ameniahidi kulificha jina langu, nami namwomba sana atimize. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, karani katika gereza moja la mwambao huu wa Tanga. Kazi niliombewa na mjomba wangu, ambaye ndiye karani mkuu, na baada ya mfungo nitamwoa binti yake.

Gerezani kwetu yuko mfungwa nitakayemwita Sefu. Alipokuwa hajaota ndevu aligombana ngomani na kijana mwenziwe, akamchoma kisu, yule akafa. Sasa Sefu ana mvi. Humo ndani amejifunza kusoma na useremala, na ndiye anayewafundisha wafungwa wapya kushika randa. Mwezi ujao atakuja bwana mkubwa kutoka Dar es Salaam kuamua kama aombewe msamaha wa Gavana. Bwana huyo hajui Kiswahili. Mkalimani ni mimi.

Juzi alitujia mzee wa Tongoni, kaka wa marehemu mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, sisi tushamsamehe, lillahi. Mamake Sefu alikuja kwetu, tukasoma hitima, tukala naye sinia moja. Akija huyo Mzungu, nami n'takuja nimwambie kwa kinywa changu. Mtoto wa watu na arudi, amkute mamake angali hai."

Alipotoka tu, mjomba alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Msamaha wa pilau huo! Sikiliza, bwana arusi. Mzee akisema wamesamehe, wewe mwambie Mzungu wanaapa kumuua Sefu siku atakayotoka. Atarudishwa ndani kwa usalama wake."

"Kwa nini, mjomba?"

"Kitanda chenu hakijakwisha. Kisha kuna kabati, kuna na milango ya nyumba yangu. Nimpe nani? Hao mafundi wa mtaani Usagara wanaogongomea misumari kama wajenga banda la kuku?"

"Lakini mzee atakuwa amesimama pale pale."

"Kwani anajua Kiingereza?"

Jioni tulikula sinia moja, mimi na yeye. Nilipoviona vidole vyake vikimega tonge, niliutoa mkono wangu siniani.

Jana nilipita karakana. Sefu alikuwa akipiga msasa mguu wa kitanda. "Pitisha mkono, bwana karani," aliniambia huku akicheka. "Asije bibi arusi akachomwa na kibanzi." Hapakuwa na kibanzi hata kimoja. Nilikwenda kunawa mikono, nikanawa tena.

Nikifasiri kweli, kazi imekwenda, mchumba amekwenda, na mama yangu hatasemezana tena na kaka yake wa pekee. Nikifasiri uwongo, kitanda kile ndicho nitakacholalia maisha yangu yote. Mzee wa watu atamsamehe muuaji wa nduguye mbele ya Mzungu, halafu atanigeukia mimi, angoje nimsemee.

Ndugu zangu, niambieni: hapo nifumbue kinywa niseme lipi?