Mwimbaji Aliyekatazwa Kunena

Waimbaji wapya wa kiume nawasikiliza mimi kuliko wajukuu zangu. Redio yangu iko jikoni, juu ya kabati la vyombo, na tangu magoti yalipoanza kunisumbua, asubuhi nzima huwa na redio hiyo. Akitokea kijana mpya anayeimba peke yake, bila kundi, mimi nimeshamjua. Majina yao ninayo kichwani, na ya mama zao pia, maana mji huu si mkubwa hivyo. Lakini hapa sitamtaja mtu. Yuko mmoja wa ng'ambo ya Likoni, sauti anayo ila huimbia puani. Yuko mwengine, mtoto wa seremala, maneno yake yamepangika vizuri, lakini wimbo ukiisha hukumbuki ulikuwa ukienda vipi. Na yuko wangu.

Wangu ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi, nyumba hii hii ya Mji wa Kale. Mchana alikuwa karani kwa wakala wa kutoa mizigo Kilindini, kutwa akiwapigia kelele madereva wa malori. Jioni hupanda juu darini akaimba. Sauti yake ndiyo ile aliyofunzwa chuoni kusomea Qurani, imetulia, ila akifika juu alikuwa na tabia ya kuisukuma. Nilimwambia aiwache ipande yenyewe. Akacheka, akasema vijana ndivyo wapendavyo.

Wimbo wake wa kwanza ulipopendeza redioni, akaalikwa kuimba kwenye bustani ya Mama Ngina, ufukweni, jukwaani peke yake. Alikuwa hajawahi. Tulikuwa bado tunaifurahia habari hiyo sauti ilipoanza kukwaruza, na asubuhi moja akafungua kinywa kuniamkia, ukatoka upepo mtupu.

Nikaenda naye kwa daktari wa koo, upande wa Kizingo. Daktari akamtia mrija wenye taa, akatwambia nyuzi za sauti zimevimba na zimeanza kufanya vinundu. Dawa yake ni kunyamaza. Hata kunong'ona asinong'one, maana huko ni kuzichosha zaidi. Anyamaze kabisa mpaka amwone tena, na siku hiyo ndiyo atamwambia kama ataimba au aitafute kazi nyengine ya kuipenda.

Tukiwa kwenye tuktuk ya kurudi, akaniandikia kwenye simu. Nikamwambia herufi hizo ni za sisimizi, akazikuza: Bibi, usimwambie mtu. Nilifahamu. Waliopanga shughuli hiyo ya Mama Ngina ni watu wa mtaani, na kuna kijana mwengine alikuwa anaingojea nafasi kwa hamu. Hapa kwetu siri ikisikiwa na muuza mbaazi asubuhi, adhuhuri imeshavuka kivuko. Nikaahidi, na kazini yeye akaandika kuomba likizo.

Tusilolifikiria, mimi wala yeye, ni salamu.

Kwetu mtu hatoki mlangoni kwake akafika dukani bila ya kusalimiwa baraza zote za njiani, na salamu kuijibu ni wajibu, haina mjadala. Yeye alikuwa hodari wa salamu tangu mdogo, akiulizia wagonjwa, akiulizia waliosafiri. Sasa anapita ameweka mkono kifuani, anatabasamu, huyo amekwenda. Siku ya kwanza watu waliona ana haraka. Baadaye wakaona jengine.

Mwenye duka la viungo aliniuliza, huku akinipimia bizari, "Bi mkubwa, mjukuu wako salamu zake siku hizi zina kiingilio?"

Wateja wakacheka, nami nikacheka nao, moyoni nikiungua. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuja kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko tusi. Akaniuliza kama kijana ameudhiwa na mtu. Nikasema ana mawazo. Akasema, "Ndio. Nyota huwa na mawazo."

Mwimbaji atasamehewa wimbo mbaya, watu wangojee mwengine. Akionekana kuwadharau watu wake, hata akipona koo atamwimbia nani? Yeye mwenyewe maneno hayo yalimfikia, akaacha kutoka, hata msikitini akawa haendi, anakaa chumbani ameelekea ukuta. Hapo nikaogopa. Niliona sasa vitakwenda vyote viwili, sauti na watu.

Ndipo nikakumbuka jambo tulilofunzwa chuoni tukiwa wasichana wadogo: watu wakiwa pamoja wakasalimiwa, akijibu mmoja imetosha kwa wote. Nikavaa buibui, nikagonga mlango wake, nikamwambia, "Inuka, twende sokoni. Leo sisi ni kundi."

Basi ikawa hatoki ila na mimi. Akienda kinyozi, nipo. Akienda msikitini namsindikiza mpaka kona, namngojea kwa jamaa zangu wa hapo jirani. Watu wakitoa salamu naijibu mimi, kwa sauti ya juu, na kuulizia wagonjwa juu yake. Magoti yalinifanya nilie usiku, lakini mchana sikukubali yaonekane. Walitutania, bila shaka. Mmoja akasema nyota amepata mlinzi. Nikamwambia mimi nalinda mchicha wangu, nyota kazi yake ni kubeba kapu.

Yakaenda hivyo vizuri mpaka tulipopita penye baraza ya maalimu wake.

Huyu ndiye aliyemfunza kusoma, na kijana anamheshimu kuliko baba. Alikuwa amekaa na wenzake wanakunywa kahawa, na yule mwenye duka la viungo yumo. Maalimu akatoa salamu akamtaja mjukuu wangu kwa jina. Nikaijibu mimi, kama kawaida.

"Bi mkubwa, wewe nakuheshimu," maalimu akasema. "Lakini hii nimempa yeye, kwa jina lake. Huwezi kumjibia."

Na ni kweli, siwezi. Vikombe vikasimama mikononi. Mjukuu wangu ameweka mkono kifuani, macho yamejaa maji, na nikaona koo lake linacheza. Alikuwa yuko karibu kunena. Nikamkanyaga mguu.

"Maalimu," nikasema, "nina mas-ala ya dini."

"Uliza."

"Mtu akikatazwa na tabibu kunena, hata neno moja, na akasalimiwa kwa jina lake. Afanyeje?"

Sikumtazama kijana. Mwenye duka la viungo akadakia, "Mtu gani huyo?"

"Mas-ala hayaulizwi jina," maalimu akamwambia. Akazungusha kikombe. "Huyo atajibu kwa ishara. Na aliyemsalimu asidai zaidi ya hapo." Kisha akamtazama mjukuu wangu, akaweka na yeye mkono kifuani. "Nimejibiwa," akasema, akaomba aongezwe kahawa.

Nani alifahamu na nani hakufahamu, mpaka leo sijui. Ninalojua ni kuwa tangu siku hiyo tukipita, wazee wa baraza ile humwekea mkono kifuani bila ya kusema kitu, na waandalizi hawakupelekewa habari yoyote. Mwenye duka la viungo alileta chupa ya asali, akasema imemzidia dukani.

Siku ya kurudi kwa daktari sikuingia ndani. Nilikaa nje kwenye benchi, tasbihi mkononi, wala sikumbuki nilikuwa nikisoma nini. Mlango ulikuwa haukufungika vizuri. Nikamsikia daktari anamwambia aseme "aaa", taratibu. Kisha sauti ikaja, kwanza na vumbi lake, halafu safi. Nikacheka peke yangu pale mpaka muuguzi akaniletea maji.

Tuliporudi, akapita kwa maalimu kwanza. Akatoa salamu, na akaijibu na ile ya siku ile, kwa sauti kamili. Maalimu akamwambia, "Ulikwishanijibu. Hii ya pili ya nini?"

"Naijaribu kama imerudi, maalimu."

"Basi usiimalize kwangu."

Aliimba Mama Ngina jioni ya Jumapili. Mimi nilikaa na wanawake wenzangu upande wa ukuta wa bahari, nina viazi karai mkononi nisivyoweza kuvila. Alipofika pale juu, pale alipokuwa akisukuma, nilishika pumzi. Hakusukuma. Aliiwacha sauti ikaenda yenyewe, ikafika, ikakaa kidogo, ikashuka. Jirani yangu wa mlango wa pili akanigonga bega, akaniambia nile, vinapoa.

Kwa hivyo mkiniuliza kati ya hawa vijana wapya ni yupi wa kusikilizwa, nitawaambia wote wana chao, na yule wa puani atatengenea akipata wa kumwambia. Lakini mkisikia redioni mmoja anayepanda bila ya haraka, ongezeni sauti. Mimi huyo nimemsikia alipokuwa hana hata sauti ya kuita paka, na sasa usiku nalala kwa raha.