Kijiko cha Uji Kwenye Shimo la Udongo

Juzi nilikuwa Nyakahura nasubiri gari. Nimeagiza ndizi na maharage kwenye mgahawa wa barabarani, na runinga inaonyesha Wachina wakichimba kaburi la mfalme wao wa kale. Wamepiga magoti, wanapangusa vumbi kwa brashi ndogo. Wateja wakacheka, eti watu wazima na akili zao wanachezea udongo. Mimi sikucheka, ndugu yangu. Chakula kilinishinda, maana niliona kama namwona mwalimu, mkimbizi mmoja wa utotoni mwangu.

Kwetu ni Mbuba, Ngara, na nasimulia miaka ile ya wakimbizi, vilima vilipojaa maturubai na kuni zikawa za kugombaniwa. Mwalimu, ndivyo tulivyomwita, alitoka kambini. Kabla ya vita vya kwao alikuwa amesomea Uchina mambo ya kale, akachimba huko na wakufunzi wake. Kwetu alikuwa kibarua wa bibi yangu, analima kwa ujira wa ndizi. Tukipukuchua maharage alitusimulia habari za wakubwa waliozikwa na vyungu vyao vya shaba, na hariri iliyovuka majangwa mgongoni mwa ngamia. Bibi alimwita mwongo mzuri, kisha akamwongezea chakula.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Asubuhi moja ya kiangazi tulikuwa bondeni tukichimba udongo wa vyungu, mwalimu akitusaidia kubeba, jembe la bibi likagota fuvu la mtu ukutani mwa shimo.

Mbiu ikapigwa, kijiji kikamiminika. Hakuna aliyetaja jina, lakini kila mtu alikuwa nalo mdomoni: kijana wa jirani yetu, aliyepeleka ng'ombe malishoni upande wa kambi masika yaliyopita asirudi. Mama yake alifika, akaketi ukingoni, hakulia. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, walikuja na mapanga. Sauti zikaanza kusema twendeni kambini, tena tuanze na huyu aliye hapa. Nilishika gauni la bibi.

Mwalimu akaomba aachwe achimbe, udongo wenyewe utasema. Wakamkatalia. Kwetu maiti ikiwa haijazikwa, jembe haliguswi. Anayelima kwenye msiba amewatukana wafiwa. Sasa mkimbizi ainue jembe mbele ya mama huyu? Wangemkata pale pale. Bibi akaondoka bila kuaga mtu, akarudi na kijiko cha uji, kisu cha kumenyea ndizi na ufagio wa jikoni.

"Hili si jembe," alimwambia kiongozi wa sungusungu. "Na maji yakimwagika hayazoleki, sembuse damu. Mwache."

Mwalimu akaanza kukwangua taratibu, mapanga yakiwa juu ya kichwa chake. Alisafisha ukuta wa shimo juu ya fuvu, tukaona udongo umelala tabaka kwa tabaka: mweusi, mwekundu, kisha mstari wa majivu.

"Tazameni majivu haya," alisema. "Yamepita juu yake bila kukatika. Angezikwa juzi, yangekatika. Wakufunzi wangu Uchina walinifundisha hivyo, udongo ukishachimbuliwa haurudi ulivyokuwa."

Kisha akafagia taya. Meno yalikuwa yamelika yote, meno ya mzee, na kijana wa jirani hata kuoa alikuwa hajaoa. Kiongozi akashuka, akaufuata ule mstari kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Akasema huyu ni mtu wa zamani, kabla ya babu zetu. Mapanga yakashushwa. Watu wakapumua, wengine wakaanza kutaniana, na mimi nikalia kwa furaha.

Mama wa kijana tulikuwa tumemsahau. Aliteremka shimoni, akayagusa yale meno, akamgeukia mwalimu.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, mama."

Ndipo akaangua kilio ambacho sijapata kukisikia tena. Sisi tulikuwa tumepona, yeye alikuwa amekuja kumchukua mwanawe akamzike.

Mifupa ile tuliizika upya. Leo kambi haipo, mwalimu alirudi kwao na hatukupata habari zake. Bondeni kumejaa mikaratusi, na nani anafinyanga chungu siku hizi, kila nyumba ina ndoo za plastiki. Yule mama naye ametangulia. Lakini mpaka uzee wake, akisikia mahali watu wanachimba choo au msingi wa nyumba, aliacha kazi yake akaenda kuketi pembeni, akiangalia kila kinachotoka.