Kona ya Makaburi Yasiyo na Wenyewe

Mwalimu Eufrasia alikanyaga utumbo wa kambale juu ya kaburi la mtu. Ulikuwa umeoza, na ulipopasuka chini ya kandambili yake, inzi waliruka kwa kishindo kama waliotukanwa. Akafuta mguu kwenye majani, kisha akaitazama kona nzima: nepi, betri za redio, mashada ya maua ya plastiki yaliyopauka. Mashada hayo ndiyo yaliyomchukiza kuliko utumbo.

Utumbo hutupwa na mtu mwenye haraka zake. Mashada yalitupwa na watu waliokuja kusali. Kila mwaka, ikikaribia Siku ya Marehemu Wote, watu wa Kibaoni huingia makaburini na majembe. Kila ukoo hupalilia makaburi yake, hupaka chokaa, huwasha mishumaa. Magugu na maua ya mwaka jana huzolewa na kumwagwa pembeni, juu ya makaburi yasiyo na wenyewe. Halafu mtu hufuta jasho, hufanya ishara ya msalaba, akaenda zake nyumbani akijiona amewatendea wema wafu.

Waliolala kwenye kona ile walikuwa wagonjwa wa ukoma. Waliletwa zamani kwenye kambi ya misheni hapo Kibaoni, kutoka Mahenge, Malinyi na mbali zaidi, na ndugu zao hawakurudi hata kuuliza kama wamekufa. Eufrasia aliwafahamu kwa sababu marehemu mama yake alikuwa mpishi kambini kwao. Ndio waliochimba mfereji mkubwa unaoyapeleka mtoni maji ya masika. Asiyekuwa na vidole alifungiwa mpini wa jembe mkononi kwa kitambaa, akachimba hivyo hivyo.

Sasa kamati ya makaburi ilikuwa imetangaza kwamba kaburi ambalo halitapaliliwa na kupakwa chokaa na mwenyewe hadi Siku ya Marehemu Wote, litasawazishwa kwa greda. Pale patajengwa choo cha wafiwa.

Choo! Eufrasia aliondoka akitembea kwa hasira hadi shuleni, jirani tu na makaburi hayo, ambako darasa lake la watu wazima hukutana alasiri. Siku nyingine walijifunza kusoma na hesabu. Alhamisi ilikuwa historia, na Alhamisi ilikuwa siku ya miayo. Kitabu kilijaa magavana na mikutano ya Ulaya, naye kwa miaka mingi alikifuata ukurasa kwa ukurasa.

"Mwalimu," alisema Brigitha, muuza samaki, alipomwona anaingia, "leo tena Wajerumani? Wale walishakufa. Wateja wangu wako hai na wana njaa."

Darasa likacheka. Eufrasia hakukifungua kitabu.

"Brigitha, masika iliyopita maji yaliingia kwako?"

"Yaingie wapi? Yalipita mferejini."

"Mfereji aliuchimba nani?"

"Si serikali?"

"Wazungu wa misheni wale," alidakia Silvano, fundi baiskeli.

"Silvano, wewe umewahi kumwona Mzungu gani na jembe la mkono?"

Akawatoa wote nje. Aliomba khanga, akamfunga Silvano ngumi zote mbili pamoja na mpini wa jembe, akamwambia achimbe. Silvano aliinua jembe akitabasamu. Pigo la kwanza jembe lilikwenda upande, la pili likamgonga ugoko, la tatu akaanza kulaani kwa Kindamba. Wenzake waliangua kicheko, halafu kicheko kikapungua, kwa sababu Eufrasia alikuwa ameanza kuwaeleza ni nani waliochimba namna ile, kuanzia hapo shuleni mpaka mtoni. Hakuna aliyepiga miayo.

"Na watu hao wako wapi sasa?" aliuliza Brigitha.

"Wako chini ya utumbo wa samaki wako."

Brigitha alijifunga khanga upya. "Mwalimu, unanidhalilisha mbele za watu."

"Ndiyo. Na wiki ijayo watajengewa choo juu yao."

Siku ya Marehemu Wote Eufrasia alifika asubuhi na jembe na ndoo ya chokaa. Katika darasa zima waliomfuata kwenye kona ni Silvano na Brigitha tu. Wengine aliwaona kwa mbali, wakipalilia mababu zao. "Shikamoo, Mwalimu!" aliita mmoja wao, Leticia, mwanafunzi wa dawati la mbele, kisha akaja na mzigo wa magugu, akayamwaga pale pale pembeni bila kumtazama usoni. Eufrasia aliyasukuma magugu yale kando kwa jembe. Kumbe mtu anaweza kusikia kila neno na bado asibadilike hata ukucha!

Mzee Gasper, mwenyekiti wa kamati, alikuja kukagua. Akasimama mbele ya kaburi jeupe alilolichuchumalia Brigitha.

"Hili la nani?"

"La babu yangu."

"Mama, ukoo wenu naujua. Ninyi ni watu wa kijiji cha Mbingu. Tangu lini mna babu mwenye ukoma?"

"Tangu masika, Mzee. Babu huyu alinizuilia maji mlangoni. Wa kwako alikuzuilia nini?"

Watu wa makaburi ya jirani walicheka. Mzee Gasper hakucheka. "Kusema uongo makaburini ni dhambi."

"Na kujenga choo juu ya mtu ni sakramenti?" alisema Eufrasia.

Mzee alimtazama, akatazama ndoo ya chokaa, akaondoka. Makaburi waliyoyawahi watu wale watatu yaliachwa. Mengine yote, ambayo ndiyo mengi, greda iliyapitia Jumatatu. Choo kipo hadi leo, kimepakwa rangi ya buluu, na wafiwa hutoka humo wakijifutia mikono kwenye suruali. Eufrasia akipita upande ule huziba pua hata kisiponuka.

Alhamisi moja baada ya hapo, kiti cha Brigitha kilikuwa kitupu. Eufrasia alikuwa ameanza kukasirika aliposikia sauti yake ikitoka makaburini kupitia dirisha, kali kama ya mwenye kuuza mnadani.

"Wewe! Rudi hapa uokote hiyo nepi! Amelala babu yangu hapo!"

"Babu yako nani tena, mama?"

"Okota kwanza. Nitakueleza ukishanawa."