Rejeo la Pili

Eliwaza hakuwa mtu wa kuamini kirahisi. Hata kanisani, wenzake walipofumba macho kusali, yeye alisali huku akimtazama mchungaji, kana kwamba anahakikisha hadanganyi. Kusoma alifundishwa na mumewe Eliufoo, wakiwa jikoni wanasubiri makande yaive, na makande, kama ujuavyo, hayana haraka. Jiko lilipozimwa, Eliwaza alikuwa amemaliza ukurasa na ameanza kuupinga.

Eliufoo alifariki mwaka wa pili tangu malkia mchanga wa Waingereza akalie kiti. Alimwachia mkewe binti mmoja, Priska, na shamba lililo chini ya ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya mlimani kabla ya kufunguliwa kwenye mifereji. Kule tambarare, kijijini Kisiwani, watu walipokuwa wakitazama mawingu, maharage ya Eliwaza yalikuwa yanatoa maua. Shamba la namna hiyo huvuta macho, na macho ya kwanza yalikuwa ya Simeoni, kaka mkubwa wa marehemu na mzee wa kanisa.

"Ndugu yangu hakuacha mtoto wa kiume," Simeoni aliwaambia wazee wa ukoo. "Na Priska anaposwa na mtu wa Ugweno. Shamba la baba zetu liende Ugweno?"

Huyo mtu wa Ugweno alikuwa Gideoni, fundi seremala aliyekuja kuezeka kanisa akakuta binti wa kumtazama kuliko paa. Kwa desturi, Simeoni alikuwa na haki yote. Eliwaza alilijua hilo, na ndiyo maana alisimama akasema neno lililowakoroga wote.

"Sisi si Wakristo? Basi nihukumuni kwa kitabu."

Mzee Filipo, mkubwa wa ukoo, alimgeukia. "Haya, mke wetu. Baada ya Jumapili lete kitabu. Lakini utatusomea yote yaliyomo juu ya jambo hili. Atakayetuletea kitabu nusu, Simeoni au wewe, ameshindwa, na shamba limemponyoka."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Eliwaza alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu Anaeli, aliyetunza vitabu vya usharika.

"Mama Priska, nitakuazima kimoja tu," Anaeli alisema. "Wengine nao wanavihitaji." Akaweka vitabu mezani. "Hii ni Injili ya Chasu, lugha yetu ya nyumbani. Utaielewa mpaka kwenye mifupa, ila Torati haimo. Hii ni Biblia ya zamani, Kiswahili cha pwani, kitamu, lakini imekaa peke yake. Ukipotea haikuonyeshi njia. Na hii ina namba pembeni, marejeo. Unasoma mstari, namba inakwambia jambo hilo limesemwa pia wapi."

Eliwaza aliishika ile ya Chasu kwanza, maana ndiyo iliyokuwa na sauti ya mama yake. Akairudisha taratibu. Ile ya pwani akaifungua, akaisoma kidogo midomo ikicheza, akaifunga. Akaishika ya tatu. Herufi zake zilikuwa ndogo na Kiswahili chake kikavu.

"Nina shauri, sina sikukuu," alisema. "Nipe hii."

"Ina kasoro moja," Anaeli alionya. "Namba zake hukudondosha katikati ya habari. Usisahau kutembea kidogo kushoto na kulia."

Walisoma barazani, yeye na Priska, wakipukuchua mahindi kwa zamu ili mmoja awe na mikono safi. Siku ya kwanza hawakupata kitu. Siku ya pili Priska alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Katika Hesabu, sura ya ishirini na saba, mabinti watano waliofiwa na baba asiye na mtoto wa kiume walisimama mbele ya Musa na kudai fungu la baba yao. Na Mungu mwenyewe akajibu kwamba wana haki. Eliwaza alicheka peke yake, kicheko cha chini chini, cha kwanza tangu mazishi.

"Pembeni pana namba," akasema. "Fuata."

Priska alifuata mpaka sura ya mwisho ya kitabu hicho hicho, akaweka kidole kwenye mstari, akausoma. Mabinti hao waliruhusiwa kuolewa na wampendaye, ila ndani ya ukoo wa baba yao tu, ili ardhi isihame. Alifunga kitabu kwa kishindo.

"Mama, usiwasomee hiyo. Nakuomba. Hakuna atakayejua."

Eliwaza alikirudisha kitabu ndani, mezani. Aliogopa, na tusimpambe: siku zote zilizobaki alikipita kitabu kile mezani kama mtu anayempita mbwa mkali. Akisoma rejeo la pili, Priska atachagua kati ya shamba na Gideoni. Asiposoma, ni kitabu nusu. Na kwani nani atajua?

Siku ya shauri wazee walikaa uani kwa Filipo. Simeoni alikuja na Biblia yake kwapani. Eliwaza aliamkia, akaitikiwa, akafungua. Alisoma habari ya mabinti watano kwa sauti isiyotetereka. Alipomaliza, mzee mmoja aliguna kwa kukubali, mwingine akamgeukia Simeoni kama anayempa pole. Priska alishusha pumzi.

Simeoni hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Eliwaza.

"Umesoma vizuri, shemeji," alisema kwa upole. "Ndiyo yote? Hakuna zaidi?"

Hapo ndipo Eliwaza alipoliona bua la nyasi lililochomoza kwenye Biblia ya Simeoni, karibu kabisa na mwisho wa Hesabu. Au lilikuwa kwenye Kumbukumbu la Torati, kitabu kinachofuata? Hakuweza kujua. Priska alikuwa akimtazama, na macho yake yalisema neno moja tu: nyamaza.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini wakati ule Eliwaza hakuwa akifikiria methali. Alimfikiria Eliufoo jikoni, akimkatiza kila aliporuka mstari mgumu: rudi, mke wangu, hukumaliza.

"Zaidi ipo," alisema. Akafunua, akasoma lile la kuolewa ndani ya ukoo.

Priska alijifunika uso kwa khanga. Simeoni alisimama. "Mmesikia kwa mdomo wake mwenyewe! Binti akienda Ugweno, shamba linabaki kwetu. Mimi sina la kuongeza."

"Mimi ninalo," Filipo alisema. "Tulisema yote. Sura imeisha?"

Eliwaza alitazama chini. Haikuwa imeisha. Kule barazani namba ilimpeleka kwenye mstari, naye akasimama kwenye mstari. Alisoma yaliyobaki bila kujua yanampeleka wapi, kidole kikitambaa polepole. Mabinti wale walitii. Wakaolewa na wana wa ndugu za baba yao.



"Rudia," Filipo alisema.

Akarudia. Mzee aliyekuwa akivuta kiko alikitoa mdomoni. Wana wa ndugu wa baba! Kwetu huyo ni kaka yako, mmetahiriwa na kuchezwa unyago kwa babu mmoja, na anayemwoa dada yake huyo hata mvua humkimbia.

"Simeoni," Filipo alisema, "wewe ndiye ndugu wa baba yake. Una vijana wawili. Unamtoa yupi amwoe dada yake?"

"Hayo yalikuwa ya Waisraeli," Simeoni alisema.

"Ya kuoa ni ya Waisraeli, ya shamba ni ya kwetu? Ulituletea kitabu nusu." Filipo aliinuka kwa fimbo yake. "Mke wetu amesoma hata yaliyomuumiza. Shamba ni lake, na baada yake ni la Priska, aolewe Ugweno au mbinguni."

Simeoni aliondoka bila kuaga. Biblia ilimponyoka mlangoni ikafunguka, na Eliwaza, aliyeinama kumwokotea, aliona bua limelala ukurasa ule ule wa mwisho wa Hesabu, juu ya mstari ule ule aliosimamia yeye. Alimkabidhi.

Njiani Eliwaza alikaa ukingoni mwa mfereji.

"Mama, nilikifunga mimi," Priska alisema, akilia. "Siku zote hizi tumekonda bure. Ilikuwa mistari michache tu mbele."

"Na mimi nilikuacha ukifunge," Eliwaza alisema. Akakipakata kitabu cha watu, akalia naye, mpaka maji ya mfereji yakawalowesha miguu.